Kivumishi kwa Kiingereza, Kitenzi kwa Kiswahili: Alama za Aina za Maneno katika Kamusi Thaniya

Mpangilio wa alfabeti huketisha pamoja maneno yasiyo na nasaba. Katika herufi A ya kamusi ya Kiingereza-Kiswahili, iwe ile ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 au ile ya TUKI ya mwaka 1996, msomaji hukutana na afraid, alike, alive, alone, asleep na awake. Yote ni vivumishi, na yote yana mwiko mmoja wa kisintaksia: kwa kawaida hayatangulii nomino. Mzungumzaji wa Kiingereza husema the fish is alive, lakini hasemi an alive fish. Hapo hutafuta live au living.

Hoja yangu ni kwamba alama ya kivumishi inayofuata vidahizo vya aina hii humfaa kidogo anayetafsiri kuja Kiswahili, na mara nyingine humpotosha. Alive ndilo linalopata kisawe kinachoweza kuitwa kivumishi bila ubishi, yaani hai. Tena kisawe hicho ni huru kuliko kidahizo chake, kwani twasema samaki yu hai na samaki hai bila kikwazo. Majirani zake hutawanyika. Asleep huwa kitenzi katika hali timilifu, amelala, umbo lisilotofautisha aliyejinyoosha tu na aliyeshikwa na usingizi. Alike huwa -fanana. Awake hudai nomino: yu macho. Alone huwa peke yangu, peke yako, peke yake, yaani kielezi kinachoandamana na kimilikishi, jambo ambalo alama ya kivumishi haiwezi hata kulidokeza.

Afraid linastahili kutazamwa zaidi. Mwanafunzi aliyeambiwa kuwa hili ni kivumishi hutafuta kivumishi cha Kiswahili, naye hukipata: -oga. The child is afraid hugeuka "mtoto ni mwoga". Sentensi hiyo ni sanifu, lakini tafsiri yake si sahihi: hofu ya dakika moja imefanywa tabia ya mtu. Msahihishaji asiye na matini chanzi mkononi hataliona kosa hilo. Ajabu ni kwamba afraid lenyewe lilitokana na umbo la kitenzi, ilhali alive na asleep yalianza kama virai vihusishi, na alone ni muungano wa maneno yenye maana ya "yote" na "moja". Jina moja la kivumishi limefunika historia tatu.

Watetezi wa desturi hii watasema kwamba alama ni ya kidahizo, si ya kisawe. Utetezi huo una nguvu kwa anayejifunza Kiingereza. Kwa anayetafsiri hauna, maana yeye ameachiwa kisawe bila kuambiwa ni cha aina gani wala kinakaa wapi katika sentensi. Alama ya pili mbele ya -ogopa, pamoja na mfano mfupi kama mtoto anaogopa, ingechukua mstari mmoja tu wa kitomeo.