Kurasa Nne za Bwana Mpemba

Katika mwaka 1969 gazeti la walimu wa fizikia huko Uingereza, liitwalo Physics Education, lilipiga chapa makala ya kurasa 4 tu, yenye kichwa cha neno moja na alama ya kuuliza: Cool?, yaani kama kusema kwa lugha yetu, Baridi? Walioyaandika ni wawili, Erasto Mpemba, aliyekuwa mwanafunzi, na Denis Osborne, mwalimu wa fizikia katika chuo kikuu cha Dar es Salaam. Habari ya maji ya moto kuganda mbele ya maji ya baridi imeenea duniani kote kwa jina la Mpemba, wala hapana haja ya kuisifu tena. Lakini wengi waisifuo hawajayasoma makala yenyewe. Kwa hiyo twataka kuyatazama kama maandishi ya elimu, tuone yamefaulu wapi na yamepunguka wapi.

Msomaji ataona mara moja ya kuwa makala yana sauti mbili, wala hazikuchanganywa. Bwana Mpemba ndiye atanguliaye, naye anena kwa neno "mimi". Asimulia kwamba mwaka 1963, alipokuwa kidato cha tatu katika shule ya Magamba, wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakayaacha yapoe, ndipo wakayatia katika jokofu. Nafasi jokofuni ilikuwa haba. Siku moja mwenzake alitia maziwa yasiyochemshwa ili awahi nafasi, na Mpemba, alipoona hivyo, akatia yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, yake yalikuwa yamekwisha kuganda, na ya mwenzake yalikuwa mazito tu kama uji. Akamwuliza mwalimu wake, akajibiwa kuwa amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake auzaye aiskrimu mjini Tanga akamwambia ya kuwa yeye naye hutia maziwa ya moto, kwa kuwa huganda upesi. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena. Na mwalimu wa huko akasema kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu, na wenzake darasani wakaishika kauli hiyo kuwa mzaha.

Wako watakaosema kwamba hadithi ya namna hii haina mahali katika maandishi ya elimu, ambamo mwandishi hujificha na kusema tu "ilionekana" na "ilipimwa". Sisi hatukubali. Ile haraka ya kugombea nafasi si pambo la hadithi. Yatuambia maziwa yapi yalichemshwa na yapi hayakuchemshwa, na kwamba vyombo viwili viliingia pamoja katika jokofu moja. Mwandishi mwingine angaliyafuta hayo yote akasema kwamba alikuwa na shaka tangu mwanzo juu ya kanuni za kupoa, nasi tungalidanganyika. Huyu asema kweli ya kuwa aliharakia aiskrimu.

Bwana Osborne aja nyuma. Alikuwa amealikwa shuleni Mkwawa kusema na wanafunzi, na Mpemba akasimama kumwuliza: maji sawasawa katika vyombo viwili vilivyo sawa, moja digrii 35 na moja digrii 100, yatiwapo jokofuni, yale ya digrii 100 hutangulia kuganda, kwa nini? Wanafunzi wengine walimcheka. Osborne akiri kwamba alidhani kijana amekosea, lakini aliporudi Dar es Salaam alimwagiza msaidizi wake wa maabara alijaribu jambo hilo. Msaidizi akaleta habari kwamba maji ya moto yametangulia kweli, akaahidi kwamba watarudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi! Twamshukuru Osborne kwa kuliandika jambo hili, maana kosa la namna hiyo limo katika maabara nyingi, na kwa kawaida hufichwa.

Sehemu ya vipimo ni fupi, na ndiyo iliyo bora kuliko zote. Walitia sentimita za ujazo 70 za maji katika bilauri za sentimita za ujazo 100, wakaziweka juu ya kipande cha povu gumu lisilopitisha joto. Sababu yake yaonekana: chombo cha moto chaweza kuyeyusha theluji ya jokofu chini yake, kikagusana vema na bamba la baridi, na jaribio likaharibika. Wakaona kwamba maji yaliyokawia zaidi kuanza kuganda ni yale yaliyoanzia kama digrii 25, na yaliyoanzia karibu digrii 90 yalitangulia sana. Walipofunika uso wa maji kwa mafuta, kupoa kulikawia mno. Wakatambua ya kuwa joto lilitoka zaidi kwa juu.

Hapa ndipo tuonapo upungufu. Mpemba asimulia maziwa yaliyokwisha kuganda. Osborne apima wakati wa kuanza kuganda. Haya si jambo moja. Bilauri yaweza kuanza kupata barafu mapema na kumaliza nyuma ya mwenziwe, na makala hayakutenga mambo haya mawili kwa nguvu ya kutosha. Kurasa nne zingaliweza kuwa tano.

Neno hilo limezaa ubishi mrefu. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kiliahidi paundi 1,000 kwa mwenye kueleza sababu, yakaja majibu yapata 22,000. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden walipima kupoa kwa maji mpaka digrii 0, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Tena wakaonyesha ya kuwa kuhamisha kipimajoto kwa sentimita 1 tu kwenda juu au chini kwatosha kuleta mfano wa jambo hilo. Na mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer wa Kanada wakaonyesha jambo la namna hiyo si katika maji, bali katika chembe ndogo mno iliyomo majini. Hao wote waliweza kubisha au kuunga mkono kwa kuwa Mpemba na Osborne waliandika walivyofanya: maji kiasi gani, chombo gani, juu ya nini. Uvumi wa muuza aiskrimu wa Tanga, ujapokuwa wa kweli, haukuwa na mahali pa kushikwa.

Twapenda kuona makala haya yametiwa katika Kiswahili kwa ajili ya shule zetu. Mfasiri ajihadhari na neno moja: katika sehemu ya Mpemba aandike "kuganda", na katika sehemu ya Osborne aandike "kuanza kuganda", hata kama sentensi itakuwa ndefu.