Ufundi wa Mtani

Katika vijiji vya Uluguru, kuanzia Matombo hadi Mgeta, mtani ana kazi nyingi msibani. Huchimba kaburi, huhangaikia wageni, hufanya yale ambayo wafiwa hawana nguvu nayo. Kazi yake ninayoistaajabia kuliko zote ni kuigiza.

Wafiwa wameketi mkekani. Mtani anatokea nyuma ya nyumba amevaa koti na kofia ya marehemu, fimbo mkononi. Anatembea kama marehemu, mguu mmoja ukisitasita, na kikohozi ni kile kile. Anamwita mjane, anauliza chai yake iko wapi, na mbona hawa watumwa wake wamejazana uani wanakula tu. Mjane anacheka machozi yakimtoka, na wanawake waliomshika wanacheka naye.

Anaowaita watumwa ni watani wake, na siku ya msiba wa kwao yeye ndiye atakayeitwa mtumwa. Waluguru hufuata ukoo wa mama, na koo zenye utani hupokezana ubwana na utumwa huo wa mzaha. Harusini nako mtani hujitangaza kuwa ndiye mume halali, akaziba mlango mpaka bwana harusi atoe chochote. James Christensen, aliyeandika kuhusu utani wa Waluguru mwaka 1963, aliutazama mzaha huo pamoja na wajibu unaoambatana nao.

Katika Mabepari wa Venisi, tamthilia ya Shakespeare aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere mwaka 1969, Portia na mtumishi wake Nerissa wanavaa kiume, mmoja mwanasheria, mwenzake karani, wakawalaghai waume zao pete za ndoa. Waume hawakuwatambua. Mtani mtihani wake ni mgumu zaidi, maana uani pale hakuna asiyemjua, na bado inabidi waliomzunguka wamwone marehemu.

Uwezo huo ameupata kwa kumtazama mtu. Miaka yote waliyotaniana shambani na kilabuni, alikuwa akimsoma: anavyoshika kata, anavyokwepa kulipa, anavyojisifu akilewa. Hata ubahili wa marehemu huutaja hadharani, na hakuna wa kukasirika, kwa sababu mikono inayomwigiza ndiyo iliyomchimbia kaburi.

Harusi za Morogoro mjini siku hizi zina washereheshaji hodari wa kulipwa. Mchekeshaji unaweza kumkodi. Mtani hupatikana kwa koo mbili kuzikana miaka na miaka.