Max Payne Hajui Kireno

Max Payne 3 ilitoka mwaka 2012, miaka tisa baada ya sehemu ya pili. Gemu inayorudi baada ya kimya cha namna hiyo kwa kawaida huja kwa woga: inawapa mashabiki kile wanachokikumbuka, inachukua pesa yao, inaondoka. Hii haikuwa na woga huo. Sehemu mbili za mwanzo, ya 2001 na ya 2003, zilitengenezwa Finland na studio ya Remedy. Zote mbili zilikuwa hadithi za New York, za usiku na baridi, za polisi aliyeuliwa mke na mtoto mchanga, analipiza kisasi huku akijisimulia kwa sauti nzito. Rockstar walipoichukua kazi hiyo wakamtoa mtu wao kwenye baridi, wakamzeesha, wakamjaza pombe, wakampeleka São Paulo kuilinda familia ya matajiri iitwayo Branco. Wapo mashabiki ambao hadi leo hawajawasamehe kwa lile jua na lile shati la maua. Mimi naona jua ndilo lililoiokoa.

Jua, na lugha. Kireno katika gemu hii hakitafsiriwi. Watu wanagombana, wanatukanana, wanaomba, wanatoa amri, na mchezaji asiyekijua Kireno anaachwa hivyo hivyo. Max haelewi, basi na wewe huelewi. Kila aliyewahi kukaa ugenini anaijua hali hiyo: watu wawili wanazungumza mbele yako, mmoja anakutupia jicho, mwingine anacheka, nawe unatabasamu tu kwa kuwa huna la kufanya. Mgeni wa kawaida hapo hunyamaza, au huuliza. Mgeni huyu ana bastola kila mkono. Asipoelewa, anafyatua.

Sehemu ninayoipenda kuliko zote ni ile ambayo hana bastola. Fabiana, mke wa tajiri, ametekwa. Max amenyoa nywele zote, amevaa shati lake, anaingia peke yake kwenye favela iitwayo Nova Esperança, yaani Tumaini Jipya. Vijana wa mtaa wanamzunguka, wanampora, wanamwacha aende zake. Kwa dakika chache gemu ya kuua watu inakuwa gemu ya kutembea. Unapanda ngazi, unapita vichochoroni, unapishana na watu wanaoendelea na maisha yao, na wote wanajua kitu usichokijua wewe. Hakuna kitufe cha kukusaidia. Halafu anaingia mahali asipotakiwa, silaha inapatikana, na mtaa ule ule uliokuwa wa watu unageuka kuwa wa shabaha.

Na kupiga risasi kwenyewe kumetengenezwa vizuri mno. Hapa hatuna haja ya kujifanya watawa. Max anajirusha pembeni na muda unapungua kasi, kama zamani, ila sasa ana mwili. Kukiwa na ukuta karibu, anaugonga. Akianguka chali anabaki chali, anageuka na kuendelea kufyatua akiwa pale pale sakafuni, mtu mzima aliyejiumiza bega. Akitumia bastola, bunduki ndefu inaning'inia mkono wa kushoto, na hata kuweka risasi kunampa shida kwa sababu mikono imejaa. Siku hizi wahusika wa gemu nyingi wakipigwa risasi hujificha kidogo wakapona. Huyu haponi. Anameza vidonge vya maumivu anavyookota bafuni kwa watu. Ukipigwa risasi ya kukumaliza na bado una kidonge, muda unakaribia kusimama na unapewa nafasi moja ya kumwangusha aliyekupiga. Ukimpata, unaishi.

Kisha kuna yule wa mwisho. Kila kundi la maadui likiisha, kamera inaifuata risasi ya mwisho polepole hadi inapoingia mwilini, na kama kidole hakijatoka kwenye kitufe unaweza kuendelea kumpiga mtu ambaye amekwisha kufa, risasi juu ya risasi, hadi aguse chini. Hupewi kitu kwa kufanya hivyo. Hakuna anayekulazimisha. Kitufe kipo tu, na wasanifu walijua kitatumika.

Wakati wote huo Max anazungumza. Sauti ni ya James McCaffrey, aliyefariki mwaka 2023, na sijui mwigizaji mwingine wa gemu aliyeweza kuchoka vizuri kama yeye. Anajiita mlevi, mjinga, muuaji wa kukodiwa. Wengi waliiandika gemu hii kwa lawama moja: hadithi inajuta huku mikono ikifurahi. Lawama hiyo ni ya kweli, lakini ingeweza kuelekezwa kwa nusu ya gemu za risasi zilizopo. Hapa kuna jambo jingine. Majuto haya ni ya Kiingereza. Tunayasikia yote, neno kwa neno, na yote yanamhusu Max mwenyewe. Waliokufa walizungumza Kireno mpaka pumzi ya mwisho, na hatukuambiwa walisema nini.

Msomaji wa Kiswahili anaweza kuliona jambo hili kutoka upande wa pili. Mwaka 2009 Capcom walitoa Resident Evil 5, iliyowekwa Kijuju, mahali pa kubuni Afrika. Maadui wake waliitwa Majini, na walipokukimbilia na mapanga walipiga kelele kwa Kiswahili. Mchezaji wa Chicago alisikia mngurumo wa kutisha. Sisi tulisikia lugha ya kuamkia shikamoo, ikitoka kwenye vinywa vilivyowekwa ili vinyamazishwe. Kwa hiyo nikiicheza Max Payne 3 namfikiria mwenzangu wa São Paulo. Yeye anaisikia gemu ambayo mimi nimefungiwa nje.

Lakini tofauti ipo, na ni kubwa. Kule Kijuju, Kiswahili kilikuwa karibu sawa na ugonjwa wenyewe. Huku Kireno ni cha kila mtu: cha tajiri kwenye sherehe yake juu ya ghorofa, cha polisi, cha kijana aliyekupora, cha mateka anayelia. Hakuna aliyegeuzwa jini kwa kukizungumza. Mgonjwa pekee ni yule asiyekielewa.

Gemu yenyewe inaligundua hilo mara moja kwa ukamilifu. Ndani ya hoteli iliyotelekezwa ya Imperial Palace, Max anakuta watu waliokamatwa favela na kuuzwa ili wapasuliwe na kutolewa viungo. Miongoni mwa mateka ni Serrano, mkuu wa genge, aliyemuua Fabiana mbele ya macho yake. Kwa sheria ya gemu hizi zote tatu, Serrano alipaswa kufa hapo kwa mkono wetu, polepole, na kamera ikifuata risasi. Badala yake Max anamwachia daktari mpasuaji. Mwenye kisasi ni mtu wa mtaa ule, na mgeni anajiondoa.

Haidumu. Sura chache mbele tuko uwanja wa ndege, wimbo wa kundi la HEALTH unapanda, polisi wanaanguka mmoja baada ya mwingine katika mwanga mzuri ajabu. Ni dakika ambazo kila shabiki anazikumbuka, nami nazikumbuka, na ndipo gemu inaposahau ilichokiona hotelini.

Kabla ya hoteli, hata hivyo, mpelelezi Wilson da Silva alikuwa amekwisha kumweleza Max kwa nini aliletwa Brazil. Si kwa ushujaa. Akina Branco walikuwa na msaliti ndani ya nyumba, na msaliti alihitaji Mmarekani mlevi, mwepesi wa kufyatua, asiyeelewa kinachosemwa mezani, wa kubebeshwa lawama mambo yakiharibika. Kutokujua Kireno ndiyo sifa iliyompatia kazi. Da Silva anamweleza haya kwa Kiingereza.