Mdahalo wa Bima ya Afya: Ninaihakiki Hotuba Yangu

Muhula uliopita chama chetu cha Kiswahili kiliandaa mdahalo wenye mada: "Bima ya afya iendeshwe na serikali, si na kampuni binafsi." Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande wa upinzani. Nilitaja foleni za hospitali za umma, dawa zinazokosekana na fedha za wananchi zinazoliwa. Nikahitimisha kwamba kampuni humtunza mteja wake kwa kuwa inaogopa kumpoteza. Nilipigiwa makofi na upande wetu ukashinda. Katika makala hii nataka kuihakiki hotuba hiyo, kwa sababu wiki chache baadaye haikunisaidia lolote nyumbani.

Shangazi yangu ni mkulima huko Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda. Aliteleza mlimani akavunjika mfupa wa paja. Wanakijiji walikuja na engozi, yaani machela yetu ya kubebea wagonjwa, wakapokezana mabegani hadi barabarani. Hospitali ya umma ilimpokea bila ada, lakini vyuma vya kuungia mfupa havikuwepo. Tukaambiwa tuvinunue wenyewe au tumpeleke kwingine. Binamu yangu, mwanawe wa kwanza, anafanya kazi Kampala na ana kadi ya bima aliyopewa na mwajiri. Kadi hiyo inamhusu yeye, mkewe na watoto wake. Mama yake hayumo. Basi tukafungua kundi la michango kwenye simu, tukauza ng'ombe, na shangazi akangoja siku kumi na moja kabla ya kupasuliwa. Leo anatembea kwa mkongojo.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchanganya mambo mawili. Foleni na upungufu wa dawa ni habari za hospitali. Bima ni habari ya nani anamlipia nani. Watu wengi huweka fedha pamoja wakiwa wazima ili wachache watakaougua walipiwe. Kampuni inapomtazama mtu huuliza umri wake na maradhi yake, kisha hupanga bei. Hilo si ukatili, ni hesabu: ikiwapokea wagonjwa na wazee kwa bei ya vijana, itafilisika. Ndiyo maana hupenda kuuzia waajiri, ambao wafanyakazi wao wengi ni watu wenye nguvu na mishahara yao hukatwa kwa mkupuo. Nilisema kampuni inaogopa kumpoteza mteja. Shangazi hakuwa mteja hata siku moja, kwa hiyo hakukuwa na wa kumpoteza.

Lakini wapinzani wangu nao hawakunijibu ipasavyo. Walisema serikali yetu tayari inatibu bure. Ni kweli kwamba mwaka 2001 Uganda ilifuta ada katika vituo vya afya vya serikali, na watu maskini walikuja kwa wingi zaidi. Ila kufuta ada si sawa na kulipa gharama. Dirishani hapalipwi kitu, na dukani nje ya lango hulipwa kila kitu.

Walisema pia kwamba dawa ya yote ni sheria. Mswada wa bima ya afya wa 2019 ulipendekeza mfanyakazi akatwe asilimia 4 ya mshahara na mwajiri aongeze asilimia 1. Bunge liliupitisha Machi 2021, lakini haukutiwa saini, na hivyo haukuwa sheria. Hakuna aliyeuliza ukumbini mkulima atachangia vipi. Mshahara hukatwa kila mwezi. Viazi huuzwa vikivunwa. Bima ya umma isiyomfikia mkulima haitofautiani sana na kadi ya binamu yangu.

Jambo ambalo sote tulilisahau tulikuwa tumelikulia. Engozi si machela tu. Ni kikundi cha kijiji chenye mchango, daftari na zamu za kubeba, na asiyefika hutozwa faini. Wanyarwanda nao huita machela hayo ingobyi. Mwaka 1996 hospitali ya kanisa ya Kisiizi, wilayani Rukungiri, ilianzisha bima ya jamii kwa kujenga juu ya vikundi hivyo. Mkulima alijiunga kupitia kikundi anachokiamini, wazima na wagonjwa pamoja.

Hata hivyo, kikundi kina mpaka wake. Kijiji kizima kikiwa na mavuno mabaya, mfuko wote hukauka kwa wakati mmoja. Hapo ndipo mkono wa serikali unapohitajika, kuunganisha mifuko midogo kuwa mmoja mkubwa. Rwanda ilianza majaribio ya bima za jamii mwaka 1999, ikazifanya za lazima kwa sheria, ikawalipia maskini kabisa, na mwaka 2015 usimamizi ukahamishiwa kwenye bodi ya taifa ya hifadhi ya jamii. Si mpango usio na kasoro, kwani kuna kaya ambazo hata mchango mdogo huzilemea. Lakini mkulima yumo ndani.

Hoja yangu moja bado naitetea: fedha za umma huweza kuliwa. Ila jibu lake si kuwakabidhi wenye kadi kwa kampuni na wengine kwa Mungu. Katika engozi hesabu husomwa mbele ya wanachama wote, na mweka hazina huulizwa maswali na bibi asiyejua kusoma. Mfuko wa taifa nao usomwe hivyo, wilaya kwa wilaya. Hospitali zinaweza kubaki za serikali, za kanisa au za watu binafsi. Mfuko uwe wa wote.

Mada ikirudishwa ukumbini, nitaomba iandikwe upya: "Asiye na mwajiri ataingiaje katika bima?" Sidhani nitapata makofi mengi kama mara ya kwanza, maana swali hili halina mshindi wa haraka.

Shangazi ameanza tena kulipa mchango wake wa engozi. Mguu haumruhusu kubeba mtu, lakini analipa.