Boti ya Maboya Mawili: Isomwe Kuanzia Tezi

Picha za matangazo ya boti za kujaza upepo karibu zote hupigwa kutoka mbele: omo imebenuka, kiti kimesimama wima, mifuko ya vifaa imejaa pande zote. Anayenunua kwa picha hiyo amesoma jalada tu. Fani ya chombo hiki iko nyuma, kwenye tezi.

Umbo lenyewe halina mapambo. Maboya mawili marefu, mara nyingi ya futi 8 au 9 kwa boti ya mtu mmoja, yanaunganishwa kwa fremu ya chuma au alumini. Juu yake pana kiti na makasia mawili. Ni ngalawa iliyobaki na mbao zake za pembeni baada ya mtumbwi wa katikati kuondolewa. Pengo hilo si upungufu. Maji hayana pa kujaa, na mvuvi akifika penye kina kifupi hushusha miguu akasimama. Mto Deschutes, jimboni Oregon, Marekani, unaonyesha faida yake: sehemu kubwa ya mto huo upande wa chini, sheria inakataza kuvua ukiwa ndani ya chombo kinachoelea. Boti inakuwa usafiri tu. Trauti huvuliwa mvuvi akiwa amesimama.

Sasa twende nyuma. Mpiga makasia wa mtoni huketi akitazama mto unakoelekea, huku akivuta kuupinga mkondo. Mtindo huu unahusishwa na Nathaniel Galloway, mtegaji wanyama wa Utah, aliyeutumia katika mito Green na Colorado mwishoni mwa karne ya 19. Ukiona mwamba mbele, unaielekeza tezi upande salama, kisha unavuta. Kwa hiyo kila unapovuta, maji yanakuja mgongoni. Tezi ndiyo inayopokea mkondo, na tezi hiyohiyo ndiyo inayobeba nanga na mzigo! Boya lililolala bapa huku nyuma hukusanya maji. Boti hudidimia kisogo na makasia huwa mazito. Boya lililopindwa juu ncha zote mbili huyaacha maji yapite chini.

Upepo nao ni sehemu ya umbo. Boya lililokakamaa juani ukingoni hulegea likiingia maji baridi, na boya legevu hujikunja katikati, ule mpindo wa kiwandani ukapotea. Ndiyo maana pampu husafiri botini. Ukiitoa tena juani, punguza upepo kabla mshono haujaachia. Tena ulizia vyumba vya upepo. Boya lenye viwili, kimoja kikitoboka, cha pili kitakufikisha ukingoni. Lenye kimoja likitoboka, upande mzima umekwenda.

Kuhusu kiti sina mengi: kikiwa juu unaona mbali na unarusha mshipi vizuri, ila boti inayumba zaidi. Vishikio vya vikombe sivihakiki.

Kwa ziwa tulivu, boti ya bei nafuu inatosha. Kwa mto wenye kasi, mwambie muuzaji aigeuze uone tezi imenyanyuka kiasi gani. Ikiwa bapa, usinunue, hata bei ikishushwa nusu.