Majigambo kwa Mdomo wa Bata: Kuisikiliza Saksafoni ya Getatchew Mekurya

Wahakiki wengi wa Ulaya na Marekani walipomsikia Mwethiopia Getatchew Mekurya walimhesabu haraka miongoni mwa watu wa jazi huria, pamoja na Ornette Coleman na Albert Ayler. Sababu zao zinaeleweka. Saksafoni yake ya tenori ina sauti nene inayotetemeka na kukoroma, na mara nyingi haishikamani na mapigo ya ngoma. Lakini Coleman alirekodi Free Jazz mwishoni mwa 1960, na kazi kubwa za Ayler zinaanzia 1964, ilhali Getatchew alikwisha kuanza kupuliza kwa mtindo huo Addis Ababa katika miaka ya 1950. Asiyeiga hapimwi kwa mizani ya mtu anayedhaniwa kuigwa. Kipimo kinachomfaa kiko karibu zaidi nasi, na mwanafunzi wa sekondari hapa Endabash, Karatu, anakijua kutoka kwenye somo la fasihi simulizi. Kipimo hicho ni majigambo.

Getatchew alizaliwa Yifat mwaka 1935. Alianzia kwenye ala za nyumbani, yaani krar, ambayo ni aina ya kinubi, na masenqo ya uzi mmoja, jamaa ya zeze letu. Baadaye akashika klarineti na saksafoni. Mwaka 1949, akiwa bado kijana mdogo, aliingia bendi ya Manispaa ya Addis Ababa. Mwaka 1955 akahamia bendi ya ukumbi wa maonyesho wa Haile Selassie I, na mwaka 1965 akaingia bendi ya Polisi. Zote hizo zilikuwa bendi za serikali. Ala za shaba zilikuwa zimepewa nafasi kubwa huko kwa ajili ya gwaride na sherehe. Kabla ya hapo, mwaka 1924, Ras Tafari, aliyekuja kuwa Mfalme Haile Selassie, aliwachukua Yerusalemu vijana 40 yatima wa Kiarmenia na kuwafanya bendi yake. Muziki wa namna hiyo ulidai sare, mstari ulionyooka na kupuliza kwa pamoja. Humo ndimo Getatchew alimoingiza shellela.

Shellela ni utendaji wa sauti wa mashujaa wa Ethiopia. Mtu husimama mbele ya wenzake akajisifu, akamtisha adui na kuwapandisha watu mori kabla ya vita. Wahaya wanao mfano wake katika vivugo, majigambo yao. Kwa Wadatoga, majirani zetu wa upande wa Ziwa Eyasi, kijana aliyeua simba alipokewa kwa shangwe na kupewa mifugo. Msingi wa majigambo ni mmoja: mtu peke yake, sauti ya juu, na hadhira inayokubali au kukataa. Kazi ya Getatchew ilikuwa kuyatoa maneno na kubakiza vingine vyote.

Aliwezaje? Jibu limo kwenye albamu aliyorekodi Addis Ababa mwaka 1972 kwa kampuni ya Philips. Ulimwengu wa nje uliijua hasa mwaka 2003, Mfaransa Francis Falceto alipoitoa upya kupitia Buda Musique ya Paris, katika mfululizo wake wa Éthiopiques. Ni toleo la 14.

La kwanza la kusikiliza ni pumzi. Katika muziki wa dansi, sentensi ya saksafoni hukatwa na mapigo: inaanza na kuisha pale ngoma inapoiruhusu. Kwa Getatchew inakatwa na kifua. Anavuta hewa, anamwaga noti mfululizo kama mtu anayetaja matendo yake bila kutaka kuingiliwa, kisha anashikilia noti moja mpaka iishe nguvu. Ananyamaza kidogo na kuanza tena. Ndivyo mjigambi anavyogawa kauli zake: urefu wa mstari ni urefu wa pumzi, na kituo huwekwa pale msemaji anapotaka wasikilizaji wakubali.

La pili ni sauti yenyewe. Mtetemo wake ni mpana kiasi kwamba noti moja inasikika ikienda juu na chini ya mahali pake. Mwalimu wa bendi ya gwaride angelihesabu hilo kuwa kosa. Kwenye shellela ndiyo maana nzima, kwa sababu majigambo yaliyosemwa kwa sauti laini hayamtishi mtu. Mapambo yake ya haraka, ya kuzungukazunguka noti kuu, nayasikia yakitoka kwenye masenqo, ambako kidole huteleza juu ya uzi.

La tatu ni ngazi ya noti. Muziki wa nyanda za juu za Ethiopia una ngazi kuu nne, kila moja ya noti tano: tizita, bati, ambassel na anchihoye. Hii ya mwisho imejengwa kwa hatua nyembamba, mruko mpana, hatua nyembamba tena, mruko mpana tena. Kwa hiyo hata melodia tulivu inabeba mvutano ndani yake. Mpulizaji hana haja ya kuvunja kanuni ili asikike mkali, maana kanuni yenyewe ni kali. Hapa ndipo ulinganisho na Ayler unapoanguka. Ayler alikuwa akivunja uzio, na Getatchew alikuwa ndani ya boma lake.

La nne ni bendi. Ngoma, besi na kinanda vinazunguka palepale na kumwachia nafasi. Mwiraqw atakumbuka slufay, ambapo mzee ananena na waliokaa wanamwitikia, na maneno yake yanapata uzito kwa sababu wapo. Linganisha na bendi zetu, Msondo au Sikinde. Huko midomo ya bata, yaani saksafoni, hupulizwa pamoja na tarumbeta, kumjibu mwimbaji au kumsindikiza mpiga gitaa la solo. Saksafoni yetu ya dansi huitikia. Ya Getatchew huita.

Hata hivyo, kuna kilichopotea. Kivugo kina majina, mahali na ushahidi: niliua nini, wapi, nani aliniona. Saksafoni haiwezi kutaja hata kimoja. Kinachobaki ni msimamo wa mjigambi bila habari zake, na msimamo peke yake huchosha upesi kuliko habari. Ndiyo sababu albamu ya 1972 ikisikilizwa yote kwa mkupuo, nyimbo huanza kufanana. Faida yake ni kwamba asiyejua Kiamhari hata neno moja anaelewa kwamba anatishwa.

Sura ya mwisho ilifunguka Uholanzi. Mwaka 2004 bendi ya The Ex, ya muziki wa panki, ilimwalika kwenye maadhimisho ya miaka yake 25, naye akapendekeza wafanye kazi pamoja. Albamu ya Moa Anbessa ilitoka mwaka 2006, Mfaransa Xavier Charles akiwa kwenye klarineti. Jukwaani mzee alivaa manyoya ya simba, vazi la mashujaa. Magitaa ya The Ex yana ukali unaomfaa, lakini mapigo yao yamenyooka mno. Yanapomsukuma, majigambo yanageuka maandamano, na pumzi yake inalazimika kuwafuata. Wanapopunguza mwendo na kumsubiri, shujaa anarudi. Mwaka 2012 walitoa nyingine, Y'Anbessaw Tezeta, na Getatchew alifariki Aprili 2016.

Hukumu yangu ni kwamba rekodi za 1972 ndizo kilele chake, pamoja na kufanana kwa nyimbo zake, kwa kuwa humo bendi inajua kwamba kazi yake ni kushuhudia. Moa Anbessa ni nzuri kwa nusu. Anayetaka kumjua aanze na Éthiopiques 14, asikilize wimbo mmoja kwa siku, na ahesabu pumzi badala ya mapigo. Nanyi vijana wa Karatu mnaorekodi muziki kwa simu, wapo wazee wanaojua slufay na nyimbo za mashujaa. Warekodini kwanza, kisha mjifunze kwao mahali pa kuvuta pumzi.