Kufumua Ukurasa

Fundi cherehani anayeijua kazi hakimbilii makasi akiletewa suti ya mtumba inayompwaya mwenyewe. Huvunja kipande cha wembe, akatafuta uzi mmoja penye mshono wa bega, akaukata, kisha akaanza kufumua: mkono huku, kola kule, bitana peke yake juu ya meza. Saa nzima hupita na hakuna kilichoshonwa. Mpita njia anaweza kudhani nguo inaharibiwa.

Hapa Eldoret nimemkumbuka fundi huyo mara nyingi nikiwa nimeketi nyuma ya mzee mmoja, ghorofa ya pili, hatua chache kutoka Uganda Road. Kazi yake haina jina ninalolijua. Watu humletea vijarida, ripoti, kanuni za vyama vya ushirika, vijitabu vya kanisa, kila kitu kilichopangwa kwa ajili ya karatasi, naye hukigeuza kuwa kurasa za mtandao zinazosomeka kwenye simu bila taabu. Ukimsalimu huitika bila kugeuka. "Karibu, kijana. Kiti kiko hapo." Baada ya hapo ni kimya, isipokuwa kelele za makanga wanaoita abiria huko chini.

Alisomea uchapishaji katika Chuo Kikuu cha Moi, kule Kesses, ambako kozi hiyo ilikuwa ikifundishwa bega kwa bega na ukutubi. Enzi hizo alijifunza kupanga kurasa kwa PageMaker, programu ambayo kampuni ya Aldus iliitoa mwaka 1985. Baadaye akahamia InDesign ya Adobe, iliyotoka 1999. Kwa hiyo kwa miaka mingi alikuwa mshonaji. Ufumuaji umemjia uzeeni, na nadhani ndiyo sababu anauweza: mishono mingi anayoikuta aliwahi kuishona mwenyewe.

Kazi niliyomkuta nayo mara ya mwisho ilikuwa kijitabu cha Kiswahili kuhusu kilimo cha mahindi, kurasa 48, safu mbili kila ukurasa, na majedwali ya mbegu, mbolea na dawa. Wenye kijitabu walikuwa wamekwisha kukiweka mtandaoni kama faili ya PDF ya megabaiti 14, wakaona kazi imeisha. Sasa mfikirie mkulima wa Moiben aliyesimama kwenye kona ya shamba lake na simu mkononi. Anasubiri faili ishuke huku bando likiyeyuka. Ikishuka, herufi ni ndogo kama mchanga. Anaivuta kwa vidole viwili, anasoma nusu ya mstari, anasukuma kulia, anapoteza mahali, anarudi kushoto. Akifika mwisho wa safu ya kwanza inabidi apande tena hadi juu ya ukurasa kuitafuta ya pili. Mimi ningepiga simu kumuuliza jirani.

Mtu asiyejua angesema: si unakili tu maandishi, uyabandike kwenye tovuti? Nilisema hivyo hivyo. Mzee hakunijibu, alifungua faili, akaburuta kipanya juu ya ukurasa wote, akanakili, akabandika, akanigeuzia skrini nisome. Mstari wa kwanza ulisema: "Palilia mara ya kwanza mimea ikiwa na magunia yapangwe juu ya mbao ili yasi." Palizi ya safu ya kushoto ilikuwa imeungana na ghala la safu ya kulia.

PDF, ambayo Adobe iliileta mwaka 1993, kwa asili ni maagizo ya kuchora. Weka M hapa, umbali fulani kutoka ukingoni. Weka a pale, ubavuni mwake. Faili haina haja ya kujua kwamba hizo ni herufi za neno "mahindi", wala kwamba neno hilo limo ndani ya aya, wala kwamba aya hiyo iko chini ya kichwa fulani. Wakati mwingine hata nafasi kati ya maneno haimo. Ni pengo tu ambalo jicho letu hulisoma kama nafasi. Karatasi haikuhitaji zaidi ya hapo, kwa kuwa msomaji wa karatasi ana macho. Akiona mstari mnene, mkubwa, uliosimama peke yake, anajua ni kichwa bila kuambiwa.

Ukurasa wa mtandao lazima uambiwe. Hiki ni kichwa cha kwanza, hiki ni cha pili kilicho chini yake, hii ni aya, hii ni orodha, hili ni jedwali na mstari wake wa juu ndio wenye majina. Mambo hayo yakitajwa, simu inaweza kuupanga ukurasa upya kwa upana wowote, na asiyeona, anayesomewa na programu ya sauti, anaweza kuruka kutoka kichwa hadi kichwa kama sisi tunavyopekua. Ukikinenepesha kichwa bila kukipa lebo yake, mwenye macho hataona tofauti, ila yule anayesikiliza amepotezwa njia.

Hapo ndipo subira ya mzee inapoanza kuonekana. Kila mstari mnene anauhoji. Je, ni kichwa, ni onyo, au ni mpangaji tu aliyeona ukurasa umepooza akataka kuuchangamsha? Maandishi ya mlazo anayahoji zaidi. Katika kijitabu hiki mlazo ulikuwa na sababu tofauti tofauti: mahali pamoja ni neno la Kinandi, pengine ni jina la kitabu, pengine ni mkazo, na penye *Spodoptera frugiperda* ni jina la kisayansi la viwavijeshi vamizi, wale walioingia mashambani mwetu mwaka 2017. Karatasi huwavika wote vazi moja. Mzee anamvua kila mmoja, anamuuliza kwao, kisha anampa lebo inayomfaa. Sehemu tatu hakupata sababu yoyote, akaurudisha mlazo kuwa maandishi ya kawaida. Nilimuuliza kama mwenye kitabu atagundua. "Hatagundua," akasema, akaendelea.

Zipo njia za mkato, naye anazijua zote. Programu ya Word inaweza kuhifadhi hati kama ukurasa wa mtandao kwa kubonyeza mara moja, nayo itakuachia kila aya imebandikwa neno "MsoNormal" na ukubwa wa herufi ukirudiwa kana kwamba aya zina usahaulifu. InDesign nayo hutoa kurasa zake, na ukizifungua ndani utakutana na "CharOverride-1", "CharOverride-2", na kuendelea. Kila moja ni alama ya mahali ambapo mpangaji alikuwa na mtindo wake mzuri, kisha akauvunja kwa mkono: akakaza herufi hapa, akapunguza ukubwa pale ili aya ienee. Mzee huzisoma kama mganga anayesoma kovu. Kwa kuzitazama tu hukuambia kwamba aliyepanga kurasa hizi alikuwa na haraka kuanzia ukurasa wa 30, au kwamba walikuwa wawili. Aliyeweka kichwa katikati kwa kubonyeza nafasi mara ishirini na tatu hamsamehe kwa urahisi.

Nilichokipenda kuliko vyote, hata hivyo, ni jinsi anavyokitumia Kiswahili chenyewe kama chombo cha kazi. Sura nne za kijitabu zilikuwa zimepotea kwenye kompyuta ya wenyewe, zikabaki kwenye PDF kama picha za karatasi tu, hivyo ilibidi zisomwe na programu inayotambua herufi. Programu hizi zina ugonjwa wa kale: huchanganya "m" na "rn". Kwa Kiingereza kosa hilo hujificha. Kwa Kiswahili hujianika, maana hakuna neno letu la asili lenye "rn". Mzee hutafuta "rn" katika faili nzima na makosa yanatoka yenyewe: "rnahindi", "rnbolea", "sharnbani". Kisha hutengeneza orodha ya maneno yote yanayoishia kwa konsonanti, kwa kuwa neno la Kiswahili huishia kwa irabu. Lolote lisiloishia hivyo ni mshukiwa.

Lakini tuko Eldoret. Orodha ile ilijaa Kiprop, Kibet, Cheruiyot, Kiprotich, Iten, Kapsabet na mji wenyewe wa Eldoret, na wote hawakuwa na hatia. Na katikati ya wale wa "rn" alikuwemo Burnt Forest, mji ulio njiani ukielekea Nakuru, ameandikwa sawasawa kabisa. Anayebonyeza "badilisha zote" angeuita Bumt Forest bila kujua. Mzee habonyezi hicho kitufe. Hupita kosa moja baada ya jingine, ndiyo, ndiyo, ndiyo, hapana, ndiyo, na ile "hapana" moja ndiyo anayolipwa.

Kisha kuna ritifaa. Alama hiyo ndogo katika ng' ni mkia tu kwa mgeni, lakini kwetu imebeba sauti: ng'oa si ngoa. Kikalenjini nacho kinaihitaji, kwa hiyo mji huu umejaa Kipng'etich na Chepng'etich ambao mara nyingi orodha za matokeo ya riadha ng'ambo huwaandika bila alama hiyo, wakatamkwa kwa jina ambalo mama zao hawalijui. Faili la zamani likifunguliwa kwa usimbaji usio wake, ritifaa iliyopinda hugeuka takataka ya alama tatu, na Kipng'etich anakuwa Kipngâ€™etich. Hilo angalau linaonekana. Lililo baya zaidi halionekani: ritifaa iliyonyooka na ile iliyopinda ni alama mbili tofauti kwa tarakilishi, ingawa jicho huziona moja. Kijitabu kikizichanganya, anayetafuta "ng'ombe" kwa simu yake anaweza kupata nusu ya ng'ombe waliomo. Mzee alichagua moja akazilinganisha zote.

Vistari vya mwisho wa mstari navyo vina kesi yake. Kwenye safu nyembamba neno hukatwa, "palili-" juu na "zi" chini; mtandaoni mstari umebadilika, hivyo kistari lazima kitoke. Ukikiamuru kitoke kila mahali, barabara ya Eldoret-Iten, iliyokatwa papo hapo penye kistari chake halali, inakuwa EldoretIten. Nilihesabu vistari mia nne na kitu kabla sijachoka. Yeye alivipitia vyote mchana mmoja, akasimama mara mbili kunywa chai.

Kazi ya namna hii ikifanywa na taasisi huwa na heshima yake. Fungua Katiba ya Kenya ya 2010 kwenye tovuti ya Kenya Law, utazame anwani iliyo juu: utaona herufi "akn", halafu "ke". Hizo "akn" ni Akoma Ntoso, maneno ya Kiakan kutoka Ghana yenye maana ya mioyo iliyoungana, ambayo pia ni alama mojawapo ya adinkra. Ni kanuni ya kuzitia lebo hati za sheria na za bunge, iliyoasisiwa chini ya mradi wa Umoja wa Mataifa kwa ajili ya mabunge ya Afrika na kupitishwa na shirika la OASIS kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2018. Kwa sababu hiyo kila moja ya ibara 264 inajulikana ni ibara, na unaweza kumwelekeza mtu moja kwa moja kwenye ile ya 43 kuhusu afya na makazi, asilazimike kuvuta kurasa zote. Mzee anaisifu kazi hiyo kwa dhati, ingawa huongeza kwamba wao wana sheria za kufumua, na sheria angalau hupangwa kwa nambari. Mahindi hayana nambari.

Nambari zake ziko kwenye majedwali, na huko ndiko nilikomwona akiogopa. Toleo moja la majaribio, lililotolewa na programu kabla hajalishika, lilisema mkulima atarajie magunia 253 kwa ekari. Tulicheka mpaka kijana wa saiba ya jirani akaja kuuliza kuna nini. Karatasi ilisema 25, na ile 3 ilikuwa nambari ya tanbihi, ndogo, imeinuliwa begani, ikieleza kwamba hayo ni mavuno ya msimu wenye mvua nzuri. Ilipovuliwa udogo wake ikajiunga na msafara. Kicheko kilipoisha akashuka hadi jedwali la dawa, akaweka kidole. Mililita 24 kwa pampu ya lita 20. Karatasi: mililita 2, tanbihi ya 4. Hiyo haichekeshi, kwa kuwa 24 inaaminika.

Tangu hapo hakuamini tarakimu yoyote iliyomo. Alichapisha majedwali yote kutoka kwenye ukurasa mpya, ambao sasa ulikuwa na kilobaiti 40, akayaweka kando ya kijitabu cha asili. Mawingu yalikuwa yamekwisha kujaa upande wa mto Sosiani kama kawaida ya saa kumi, na ngurumo ya kwanza ikaondoka na stima. Skrini ikazima. Akasogeza kiti hadi dirishani, akachukua penseli, akanipa kile kijitabu.

"Soma wewe, kijana. Polepole."

"Nafasi kati ya mistari, sentimita sabini na tano."

"Endelea."

"Kati ya shimo na shimo, ishirini na tano. Kuna nyota ndogo juu yake."

"Nyota ipo," akasema, akaweka tiki.